Mawe yalitengenezwa Nakuru, maarifa yake yako wapi?

Nimepotea kidogo, kazi zilinibana, lakini nimerudi. Leo sitaandika kuhusu programu wala lugha mpya ya kuandikia programu. Leo naandika kuhusu mawe.

Wenzetu wa Tanzania msishtuke. Huku kwetu Kenya "mawe" ni zile betri kavu za tochi na redio. Ukiingia dukani hapa Rhonda ukasema "nipe mawe mawili makubwa," mwenye duka hatakuonyesha kokoto. Atanyoosha mkono kwenye rafu akupe betri mbili za tochi, na labda akuulize kama unataka ya bei rahisi au yale yanayodumu.

Sasa mtu wa kompyuta ana shughuli gani na mawe? Shughuli kubwa. Kila programu ninayoandika huishia ndani ya simu, na simu ni betri iliyofungiwa kioo. Betri ikifa, ujuzi wangu wote hauna thamani hata ya kiberiti. Na bado nikikaa na watu wa fani yangu, wenye digrii kama mimi, nagundua wengi wetu hatujui kabisa umeme wa betri unatoka wapi. Tunaongea kana kwamba betri ni mtungi: unajaza, unamwaga, unajaza tena.

Msimamo wangu ni huu, na nausema mapema ili asiyetaka kusoma mpaka mwisho awe ameupata. Kemia ya seli ya umeme ilipaswa kuwa maarifa ya kila mtu katika mji wa Nakuru, kama vile watu wa Lamu wanavyojua upepo. Haikuwa hivyo. Tumeifanya kuwa swali la mtihani, na gharama ya kutoijua inalipwa na watu wa mitaa kama huu wangu. Sasa wimbi jipya la betri linaingia nchini, na tusipobadilika tutalipa mara ya pili.

Kiwanda kilikuwa hapa hapa

Kwa vijana waliozaliwa juzi: kampuni tunayoijua kama Eveready East Africa iliandikishwa mwaka 1967 kwa jina la Union Carbide Kenya, na kiwanda chake kikawa hapa Nakuru. Kwa zaidi ya miongo minne mawe ya redio na tochi yalitoka katika mji huu yakaenda sokoni. Ni lile jiwe lenye paka anayeruka kupitia tarakimu ya tisa, "Paka Power" kama matangazo yalivyosema. Redio ngapi zilitangaza matokeo ya uchaguzi, vifo na bei ya mahindi kwa nguvu ya zinki iliyofinyangwa Nakuru! Mwaka 2006 hisa za kampuni ziliuzwa kwa umma kwenye soko la hisa la Nairobi, na Wakenya wengi wa kawaida wakajitosa kununua.

Kisha mwaka 2014 kiwanda kikafungwa. Sababu zilizotajwa wakati huo zilikuwa gharama ya kutengeneza bidhaa hapa nchini na ushindani wa mawe ya bei rahisi kutoka nje. Kampuni ikaendelea kuuza bidhaa zilizotengenezwa kwingine.

Mimi mwaka huo nilikuwa sekondari. Mwaka uliofuata tukafika kidato cha nne, tukafundishwa "mabadiliko ya nishati" na baada ya hapo "elektrokemia." Mwalimu alichora bika mbili ubaoni, moja ya zinki na nyingine ya shaba, akaunganisha kwa mstari, tukanakili. Hakuna mtu aliyetaja kwamba kitu hicho hicho kilikuwa kikitengenezwa kwa mamilioni katika mji ule ule tuliokuwa tumekaa. Simlaumu mwalimu, silabasi ilikuwa inamkimbiza. Nasema tu kwamba hilo ni jambo la ajabu. Ni sawa na kumfundisha mtoto wa Kisumu samaki kwa kutumia picha.

Haya, tuanze na jiko la makaa

Ili tuelewane kuhusu betri, inabidi kwanza tuelewane kuhusu nishati. Twende jikoni.

Watu wengi hudhani kuwa makaa "yamebeba moto ndani yake," na tukiyawasha tunaufungulia. Hata vitabu vingine husema kwamba nishati hutoka pale vifungo vya atomu vinapovunjika. Si kweli. Kuvunja kifungo ni gharama, siku zote. Nishati hupatikana pale vifungo vipya vinapoundwa. Chukulia kama biashara ya mboga sokoni: unatoa pesa kwanza kununua mzigo, kisha unapata pesa ukiuza. Ukiuza kwa zaidi ya ulivyonunua, umepata faida. Faida hiyo ndiyo joto unalolisikia jikoni. Na ule mtaji wa kwanza ndio sababu makaa hayawaki yenyewe. Lazima uyachochee kwa karatasi au vijiti.

Tuweke tarakimu. Gramu 12 za kaboni zikiungua vizuri na kuwa kaboni dayoksaidi, zinatoa takriban kilojuli 394 za joto. Gramu hizo hizo zikikosa hewa ya kutosha na kuishia kuwa kaboni monoksaidi, zinatoa takriban kilojuli 111 tu. Kwa hiyo ukilaza jiko ndani ya chumba kilichofungwa usiku wa baridi (na Nakuru baridi tunaijua), unapoteza sehemu kubwa ya joto ulilolinunua, na hewa unayoivuta inaweza kukuua kimya kimya. Watu wamekufa hivyo. Hapo kemia si alama za mtihani tena.

Kumbuka jambo moja kutoka jikoni: mmenyuko ule ule wa kemikali, yaani vitu vile vile kugeuka kuwa vingine, una hesabu yake ya nishati, na hesabu hiyo haibembelezwi.

Mmenyuko mmoja, njia mbili

Sasa shika zinki na shaba. Chukua mililita 50 za maji yenye kopa salfeti, ile chumvi ya buluu ambayo Kiswahili cha zamani kinaiita mrututu. Tuseme ni myeyuko wa moli 0.2 kwa lita. Mwagia unga wa zinki wa kutosha, koroga. Rangi ya buluu inafifia, shaba nyekundu inatua chini, na ukitia kipimajoto utaona joto limepanda karibu digrii 10. Kilichotokea ni kwamba kila atomu ya zinki imetoa elektroni mbili ikaingia majini, na ioni ya shaba imezipokea ikawa chuma. Kwa gramu 65 za zinki, mmenyuko huo hutoa karibu kilojuli 219. Zote zimeishia kuwa maji ya uvuguvugu. Huwezi hata kuchemsha chai.

Sasa fanya ujanja. Zitenganishe zinki na ioni za shaba zisigusane. Zinki iwe kwenye chombo chake, shaba kwenye chombo chake, weka daraja la chumvi katikati ili ioni zipite, kisha unganisha vyuma viwili kwa waya. Elektroni bado zinataka kutoka kwenye zinki kwenda kwenye shaba. Hamu yao haijabadilika. Lakini njia pekee iliyobaki ni waya. Kwa hiyo zinapita kwenye waya, na ukiweka kitu katikati ya waya, zinafanya kazi zikiwa njiani. Mita itasoma karibu volti 1.1. Na ile nishati iliyopotea kuwa joto? Sasa takriban kilojuli 212 kati ya zile 219 zinaweza, kwa kiwango cha juu kabisa, kutoka kama umeme.

John Frederic Daniell alitengeneza seli ya namna hii huko London mwaka 1836. Kabla yake Alessandro Volta wa Italia alikuwa amepanga sahani za zinki na shaba na vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi, akatangaza ugunduzi wake mwaka 1800. Hakuna uchawi hapo. Betri ni mmenyuko ambao umenyimwa njia ya mkato.

Mimi kama mtu wa programu hili hunifurahisha sana. Vitu ni vile vile, matokeo ya mwisho ni yale yale, lakini mpangilio ndio unaoamua kama utapata mwanga au uvuguvugu.

Ndani ya jiwe kuna nini?

Jiwe la kawaida la dukani ni mjukuu wa seli ya Mfaransa Georges Leclanché ya mwaka 1866. Lilianza kuwa "kavu" pale Mjerumani Carl Gassner alipoliboresha katika miaka ya 1880. Kopo la nje ni zinki. Katikati kuna kijiti cha kaboni. Kati yao kuna ule unga mweusi unaochafua mikono: manganizi dayoksaidi iliyochanganywa na kaboni, na uji wa chumvi kama amoniamu kloraidi au zinki kloraidi. Zinki inatoa elektroni, manganizi dayoksaidi inazipokea, na kijiti cha kaboni kinazipitisha tu, hakiliwi. Unapata volti 1.5.

Sasa angalia maswali ya mtaani yanavyojijibu yenyewe.

Kwa nini jiwe la zamani huvuja na kuharibu redio? Kwa sababu kopo lenyewe ndilo chakula. Kadiri unavyotumia, ndivyo ukuta unavyoliwa. Mwisho wake unatoboka, uji unatoka nje na kula vyuma vya redio yako. Redio usiyoitumia itoe mawe.

Kwa nini ukichanganya jiwe jipya na la zamani yote yanaharibika haraka? Kwa sababu yamepangwa foleni, na mkondo ule ule unapita katika yote. Lile dhaifu likiisha, wenzake wanaendelea kulisukumia mkondo kwa nguvu. Linalazimishwa kurudi nyuma, linatoa gesi, linavuja. Hujaokoa shilingi yoyote.

Na je, kuanika mawe juani? Hapa wazee hawakuwa wajinga. Joto linaharakisha ioni ndani ya uji, na mapumziko yanaruhusu vitu vilivyorundikana karibu na kijiti kusambaa. Kwa hiyo tochi inapata uhai kidogo. Lakini jua halikuongeza zinki. Gramu 1 ya zinki haiwezi kutoa zaidi ya takriban ampea 0.8 kwa saa moja, hata uianike Lodwar mwezi mzima. Hesabu ni ile ile ya makaa.

Mnaona? Maswali matatu ambayo kila nyumba ya Rhonda imewahi kujiuliza, na majibu yote yako katika somo la wiki mbili la kidato cha nne. Tatizo ni kwamba somo lilifundishwa bila jiwe.

Ndimu haina umeme

Kuna jaribio ambalo huzunguka sana kwenye video: ndimu, msumari na waya wa shaba, halafu taa inawaka, na watu wanaandika "Afrika tuna umeme kwenye ndimu, wazungu wanatuficha!" Jamani.

Fanya mwenyewe. Chukua msumari wa kupigia mabati, ambao umepakwa zinki, na kipande cha waya wa shaba uliokwaruzwa. Chomeka kwenye ndimu bila kugusana. Mita itasoma karibu volti 1. Panga ndimu nne kwa foleni na taa ndogo nyekundu ya LED inaweza kuonyesha mwanga hafifu. Lakini nishati inatoka kwenye zinki ya msumari, ambayo inayeyuka. Ndimu imetoa tu asidi, na haidrojeni hujitokeza kwenye shaba. Zinki ikiisha, mchezo umeisha, hata kama ndimu bado ina maji. Na zinki hiyo iliyeyushwa kiwandani kwa nishati nyingi kuliko utakayoipata. Unachokula ni akiba ya mtu mwingine.

Mtu akishaelewa jambo hilo moja, nusu ya utapeli wa nishati unaoletwa mitaani unakosa mteja.

Na tapeli wa fani yangu

Nisiwaseme wa ndimu peke yao. Wakati fulani mteja mmoja aliniomba nimwandikie programu ya simu ya "kuongeza betri kwa asilimia 50 kwa kubonyeza mara moja." Alitaka mchoro wa betri unaojaa kwa rangi ya kijani, na matangazo chini. Nilikataa. Hakuna mstari wa programu unaoweza kuongeza kemikali ndani ya simu. Programu inaweza kupunguza matumizi, basi. Mara nyingi hizo "za kuongeza" hufanya kazi nyuma ya pazia na kula chaji yako.

Hata ile asilimia unayoiona juu ya kioo ni makisio. Simu inapima volti, inahesabu mkondo ulioingia na uliotoka, inalinganisha na jedwali, kisha inakwambia "asilimia 20." Betri ikizeeka makisio yanakosea, ndiyo maana simu inazimika ikiwa kwenye asilimia 15 ukifungua kamera. Kamera imevuta mkondo mkubwa, volti imeanguka, simu imejizima kujilinda.

Tupige hesabu nyingine. Betri ya simu ya miliampea 5000 kwa saa, kwa wastani wa volti 3.85, ina takriban kilojuli 69. Kiasi hicho cha nishati kiko ndani ya mililita 2 hivi za mafuta ya taa, chini ya nusu ya kijiko cha chai. Kidogo namna hiyo! Kwa mtu anayelipa kibandani kuchaji simu, kila kijiko ni pesa. Kwa hiyo wenzangu wa programu, mkiandika kitu kinachoamka kila dakika kuulizia seva habari ambayo hakuna aliyeiomba, mnachota kwenye kijiko cha mtu.

Betri za sasa hazisamehe

Ndani ya simu hakuna zinki. Kuna betri ya lithiamu, ambayo Sony waliiingiza sokoni mwaka 1991, na mwaka 2019 John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino wakapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi yao juu yake. Humo ioni za lithiamu zinahama kutoka upande mmoja wakati wa kuchaji na kurudi wakati wa kutumia. Mmenyuko unarudishika, kazi ambayo jiwe la tochi halikuundwa kuifanya.

Lakini sheria zake ni kali. Seli za simu na kompyuta za mkononi hazitakiwi kupita kikomo cha volti kilichowekwa na mtengenezaji. Zikipita, upande wa chanya hukosa utulivu na unaweza kutoa oksijeni, na majimaji ya ndani yanawaka. Zikishuka sana chini ya volti 2.5 na kukaa hivyo, shaba ya ndani inaweza kuanza kuyeyuka. Ukizichaji tena shaba hiyo inaweza kujijenga mahali pabaya na kuunganisha pande mbili. Hapo unarudi kwenye bika ya mrututu: njia ya mkato imefunguka, na nishati yote inatoka kwa mpigo kama joto. Tofauti ni kwamba safari hii si digrii 10.

Nasema haya kwa sababu naona mafundi wetu wanavyotoa seli kwenye betri za kompyuta zilizokufa na kuunda taa, spika na hata akiba ya sola. Nawaheshimu sana. Huo ni uhandisi. Wengi wana mita na wanajua kupima. Lakini nimewaona pia wakiunga seli za umri tofauti bila saketi ya ulinzi, ndani ya nyumba za mabati zilizobanana ambako moto mmoja unaweza kufagia ploti nzima. Hawakukataa kujifunza. Hakuna aliyewafundisha.

Na wimbi linakuja. Mwaka 2023 serikali ilizindua mpango wa pikipiki za umeme, na kampuni za kubadilishia betri zinaendelea kufungua vituo mijini. Umeme wa kuzichaji tunao kwa sehemu kubwa kutoka ardhini, Olkaria iko katika kaunti hii hii yetu. Lakini seli zinatoka nje, na elimu yake pia tunataka itoke nje?

Jiwe likifa haliendi mbinguni

Kuna upande mwingine ambao ndio unaoniuma zaidi. Betri ikiisha, kemikali bado zipo.

Twende Mombasa kidogo, kwa sababu kule ndiko Kenya ilikofundishwa somo hili kwa uchungu. Betri ya gari ni ya risasi na asidi: seli sita za volti 2 kila moja, jumla volti 12. Risasi inaweza kuyeyushwa na kutumika tena, na hilo ni jambo jema likifanywa kwa uangalifu. Katika mtaa wa Owino Uhuru kiwanda cha kuyeyusha betri za zamani kilifanya kazi ukutani mwa nyumba za watu hadi kilipofungwa mwaka 2014, mwaka ule ule wa kufungwa kwa kiwanda chetu. Risasi iliingia hewani, majini na kwenye damu ya watoto. Phyllis Omido, aliyekuwa amefanya kazi hapo na ambaye mtoto wake aligunduliwa kuwa na sumu hiyo, aliongoza mapambano na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Julai 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Hukumu haiondoi risasi mwilini.

Sasa rudi Nakuru. Ziwa Nakuru halina mto unaotoka. Maji yanaingia, yanapanda angani kama mvuke, na kilichoyeyuka ndani yake kinabaki. Ndiyo maana ni la magadi. Kinachooshwa na mvua kutoka mitaani kwetu, na kile kinachobebwa na Mto Njoro, mwisho wake ni bakuli hilo. Ziwa lilitambuliwa chini ya mkataba wa Ramsar mwaka 1990, na mwaka 2011 UNESCO ikaliingiza katika urithi wa dunia pamoja na Bogoria na Elementaita. Sisi tunatupa mawe kwenye mtaro. Mawe ya zamani yalikuwa hata na zebaki kidogo ya kuzuia zinki isiliwe mapema.

Mtasema nini?

Najua hoja mbili zitakazokuja.

Ya kwanza: "Hata gari naliendesha bila kujua injini." Sawa, lakini una gereji, una fundi aliyesomea, una ukaguzi. Kwa betri huku mtaani fundi ni wewe, ghala ni chini ya kitanda, na jalala ni nyuma ya nyumba. Asiye na mtaalamu wa kumtegemea ndiye anayehitaji maarifa zaidi.

Ya pili: "Kiwanda kilikufa kwa sababu ya bei, si kwa sababu watu hawakujua kemia." Nakubali. Kujua kemia kusingeshusha gharama za uzalishaji. Lakini mji ulioishi na kiwanda cha seli kwa miongo minne ungebaki na kitu baada ya mashine kuondolewa: maabara, mafundi wa kupima, vijana wanaojaribu. Waliokuwa ndani walijua, bila shaka. Maarifa hayo hayakupewa mlango wa kutokea.

Kwa hiyo mapendekezo yangu ni matatu, na hakuna linalohitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

1. Kila shule ya Nakuru ifundishe elektrokemia kwa kupasua jiwe. Jiwe la kaboni na zinki lililokwisha, glavu, koleo, na mwalimu akisimamia. Mwanafunzi aone kopo lililoliwa. Zile zilizoandikwa "Alkaline" zisiguswe, zina potashi kali. Na za lithiamu wala za gari asithubutu mtu. Mtaala mpya unasifiwa kwa kujali vitendo. Haya, hiki hapa kitendo.

2. Vyuo vya ufundi viwe na kozi fupi ya jioni ya betri za lithiamu kwa mafundi wa simu na wa bodaboda: kupima uwezo, kulinganisha seli, saketi ya ulinzi, kuzima moto. Sisi wa programu tujitolee sehemu ya programu zinazolinda betri. Mimi niko tayari, nitakuja bure Jumamosi.

3. Kila duka linalouza mawe liwe na debe la kurudishia yaliyokufa. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 tayari inamwekea mtengenezaji na mwagizaji wajibu juu ya bidhaa yake ikishakuwa taka. Wanaouza watuambie lori la kuyachukua linapita lini.

Tangu Desemba 2021 Nakuru ni jiji. Tulipewa hati na sherehe zikafanyika. Mimi ningependa jiji ambalo mtoto wa Rhonda akiulizwa umeme wa simu unatoka wapi, hasemi "kwenye chaja." Aseme: kuna kitu ndani kinachotaka kutoa elektroni na kingine kinachozitaka, na sisi tumekaa njiani tukitoza ushuru.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, nitaonyesha jinsi ya kusoma volti za seli ya zamani kwa mita ya bei nafuu na kujua ipi ya kutumia na ipi ya kupeleka kwenye debe. Mpaka hapo, toeni mawe kwenye redio msizotumia. Kila la heri.